Tathmini ya huduma ya kusomewa prufu: silabi niliyoshindwa kuiona mara saba

Mwezi wa pili mwaka huu nililipa shilingi 128,000 ili mtu nisiyemfahamu asome kijitabu ambacho nilikuwa nimekiandika mwenyewe na kukipitia mara saba toka mwanzo hadi mwisho. Kijitabu hicho kinahusu ufugaji wa kuku wa kienyeji, kina kurasa 64, na kilikuwa kinasubiri kwenda mtamboni kwa chapa ya pili ya nakala 500. Msomaji prufu, yaani mtu anayesaka makosa katika maandishi kabla hayajachapwa, niliyempelekea ni mama mmoja aliyestaafu kazi katika kiwanda cha uchapaji jijini Dar es Salaam, na ambaye sasa huifanya kazi hiyo nyumbani kwake Magomeni. Ameniomba nisiandike jina lake wala namba yake ya simu, kwa kuwa huchukua kazi moja tu kwa wakati mmoja na inamwia vigumu kuwakatalia watu. Kwa hiyo humu nitamwita Mama, kama nilivyokuwa nikimwita mbele yake.

Sikumwendea kwa sababu napenda kutumia fedha. Nilikuwa afisa ugani kwa miaka 31, nimeandika taarifa nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na nilipotoa chapa ya kwanza miaka miwili iliyopita niliamini kwamba mtu aliyesoma mswada wake kwa makini hahitaji jicho la mwingine. Katika ukurasa wa 23 nilikuwa nimekusudia kuandika, "Kuku walioanza kuonyesha dalili za kideri usiwachanje pamoja na wenzao." Kilichochapwa katika nakala zote 300 ni "uwachanje pamoja na wenzao." Miezi minne baadaye nilipigiwa simu na mfugaji mmoja wa Manyoni. Alinisalimu kwa heshima, akanisomea sentensi hiyo polepole, kisha akaniambia kwamba alifanya kama ilivyoandikwa: aliwakamata kuku waliokwisha kuzubaa na kuharisha kijani, akawadondoshea chanjo machoni, halafu kwa mikono ileile na kwa kichupa kilekile akaendelea kwa kuku wazima. Kati ya kuku 46 walisalia 9. Kideri hakina tiba, na kikishaingia bandani huua wengi hata pale ambapo mfugaji amefanya kila kitu sawasawa, kwa hiyo siwezi kusema ni wangapi waliokufa kwa sababu ya kitabu changu. Ninachojua ni kwamba mkono uliotoka kwa mgonjwa ndio uliokwenda kwa mzima, na kwamba mimi ndiye niliyeuelekeza huko. Nilimwomba radhi na kumpelekea vifaranga, lakini sentensi ile haijaniondoka akilini mpaka leo.

Mwaka 1631 wachapaji wa London, Robert Barker na Martin Lucas, walitoa Biblia ambayo katika amri ya kuzini lile neno la kukataza lilikuwa limedondoka, wakatozwa faini ya pauni 300. Kisa hicho husimuliwa sana na watu wa uchapaji, lakini msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kukitazama kwa hofu zaidi. Katika Kiingereza neno lililodondoka lilikuwa neno zima, lenye nafasi yake mbele na nyuma. Kwetu kukataza ni silabi moja iliyobanwa ndani ya kitenzi: "usizini" ikipoteza "si" inabaki "uzini", nalo ni neno kamili, lenye sarufi isiyo na doa, lisiloacha pengo lolote la kumshtua msomaji. Vivyo hivyo "ni" na "si" zinatofautiana kwa herufi moja tu, ilhali maana zake zinapingana. Lugha yetu ina viungo vidogo vinavyobeba uzito mkubwa, na viungo hivyohivyo ndivyo ambavyo jicho la mwandishi huvipita bila kuvigusa.

Baada ya kisa cha Manyoni niliurudia mswada wote nikiwa na shabaha moja, yaani kutafuta kila "si" iliyopotea. Nilisoma kimya, nikasoma kwa sauti, nikasoma asubuhi na mapema wakati akili haijachoka, na nikaridhika kwamba hakuna tena. Hapo ndipo mchapaji aliponishauri, kwa upole, nimpelekee Mama kabla hajakata karatasi.

Siku niliyoitwa kuchukua kazi, Mama alinikaribisha barazani, akaufungua ukurasa wa 27, akaweka kidole kwenye mstari na kusema, "Mzee, hebu nisomee hapa kwa sauti." Nikasoma: "Dawa ya chanjo usiichanganye na maji ya bomba yenye klorini." Akasema, "Nisomee tena." Nikasoma vilevile, kwa sauti kubwa zaidi. Akachukua vipande viwili vya karatasi, akaziba maneno ya kulia na ya kushoto mpaka likabaki neno moja peke yake, akasema, "Sasa taja herufi moja moja." Nikataja "u", kisha herufi iliyofuata ilikuwa "i", nikanyamaza. Neno lililokuwa kwenye karatasi ni "uichanganye." Nililisoma mara mbili, kwa mdomo wangu, mbele ya shahidi, na mara zote mbili nilitamka silabi ambayo haikuwapo.

Wafugaji wanajua uzito wa jambo hili. Chanjo ya kideri ni ya virusi hai, na klorini ya maji ya bomba inaweza kuviua kabla dawa haijamfikia kuku. Ndiyo maana anayelazimika kuchanja kwa maji ya bomba huambiwa ayaache usiku kucha katika chombo kisichofunikwa. Sentensi yangu ingewafanya watu waichanganye dawa na kitu kinachoiharibu, wakaamini kwamba kuku wao wamekingwa.

Nilimuuliza Mama imekuwaje nisilione neno hilo hali nilikuwa nikiwinda kosa la namna hiyohiyo. Alijibu, "Usijilaumu, mzee wangu. Wewe jambo hili unalijua mno. Mimi kuku siwajui, ndiyo maana naona kilichoandikwa." Nimeyafikiria sana maneno hayo, na nimegundua kwamba yanakubaliana na yale ambayo wataalamu wa saikolojia wamekuwa wakiyachunguza kwa zaidi ya miaka 100. Jicho la msomaji haliteremki kwenye mstari kama maji katika mfereji, bali huruka na kutua, hutua kwa muda wa karibu robo ya sekunde, na katika kila mtuo huona kwa ukamilifu herufi chache tu, huku yaliyobaki yakijazwa na akili kutokana na inachokitarajia. Mmarekani W. B. Pillsbury aliwaonyesha watu maneno yaliyoharibiwa kwa makusudi, akachapisha matokeo yake mwaka 1897: mara nyingi watu waliliona neno zima kana kwamba halina kasoro. Mwaka 1976 Alice Healy alionyesha kwamba watu walioambiwa wakate kila herufi "t" katika maandishi ya Kiingereza huikosa zaidi pale inapokuwa ndani ya neno dogo linalotokea kila mara, kuliko inapokuwa ndani ya neno adimu. Kwetu sisi maneno ya namna hiyo ni "ya", "wa", "kwa", "na" na ndugu zake, ambayo tumeyaona mara nyingi mno hata hatuyatazami tena.

Hayo humpata kila msomaji, lakini mwandishi ana tatizo la ziada. Msomaji mgeni hujaza mapengo kutokana na ujuzi wake wa lugha kwa jumla, na mara kwa mara hujaza vibaya, akashtuka, akarudi nyuma kutazama. Mwandishi hujaza kutokana na alichokikusudia, na hicho hakikosei kamwe, kwa sababu kiko kichwani mwake kikiwa kizima. Watafiti wawili wa Kanada, Meredyth Daneman na Murray Stainton, waliandika mwaka 1993 kwamba kugundua makosa katika maandishi uliyoyatunga mwenyewe ni kugumu kuliko katika maandishi ya mtu mwingine. Mimi nisingehitaji kusoma hayo ili kuamini. Vipande viwili vya karatasi vilinitosha. Ila nataka niseme jambo moja kwa waandishi wenzangu, kwa kuwa ushauri wa kujisomea kwa sauti hutolewa kila mahali kana kwamba ni dawa ya yote: kusoma kwa sauti husaidia kuona sentensi ndefu mno na maneno yaliyojirudia, lakini mdomo nao huutii mkusudio kabla ya kuitii karatasi.

Sasa niieleze huduma yenyewe. Mama hupokea kazi iliyochapwa kwenye karatasi tu, upande mmoja, yenye nafasi ya kutosha kati ya mistari, pamoja na mswada wa awali. Husoma mara tatu, na kila mara kwa namna tofauti. Mara ya kwanza mjukuu wake aliyemaliza kidato cha nne husoma mswada kwa sauti, akitaja hata nukta na mkato, huku Mama akifuata kwenye prufu kwa kadi nyeusi aliyoikata tundu la upana wa mstari mmoja, kwa hiyo mstari unaofuata hauonekani wala haumvuti. Aliniambia kwamba hivyo ndivyo walivyofanya kiwandani, wawiliwawili, na kwamba viwanda vilipoanza kupunguza watu wa kwanza kuondolewa alikuwa yule msomaji wa pili. Mara ya pili husoma peke yake, akianzia ukurasa wa mwisho kurudi wa kwanza, ili hoja isimbebe. Mara ya tatu hasomi sentensi kabisa. Hutazama namba, majedwali, vichwa vya habari na maelezo ya picha.

Usomaji huo wa tatu ndio ulionishangaza kuliko yote. Katika jedwali la ukurasa wa 41 nilikuwa nimeandika kwamba mayai huanguliwa kwa siku 12. Kila mfugaji anajua ni siku 21, nami nimelijua hilo tangu utotoni, na nadhani ndiyo sababu macho yangu yaliipindua namba hiyo kila nilipoipitia. Mama hakujua ni siku ngapi. Alichokijua ni kwamba ukurasa wa 9 ulisema 21 na ukurasa wa 41 ukasema 12, akaweka alama ya kuuliza pembeni.

Kwa jumla alitia alama mahali 211. Sehemu kubwa ilikuwa maneno niliyoyaunganisha au kuyatenganisha isivyopasa: "kwasababu" badala ya "kwa sababu", "walio taga" badala ya "waliotaga". Palikuwa na "kwa kwa" mahali pengi, karibu zote "kwa" ya kwanza ikiwa mwisho wa mstari na ya pili mwanzo wa mstari unaofuata, yaani mahali ambapo jicho lina shughuli ya kushuka. Niliandika "thamana" nikiwa nimechanganya "thamani" na "dhamana". Niliandika "ngombe" bila kibainishi katika sura nzima inayohusu samadi. Mahali pawili niliandika "kura" nikimaanisha "kula", kosa linalotokana na matamshi ya kwetu, ambalo nisingeligundua hata ningesoma mara 100, kwa kuwa masikioni mwangu maneno hayo yamekaribiana sana. Alama nyingine zilikuwa maswali, si masahihisho. Lililonisaidia zaidi liliulizwa kwa penseli kwenye ukurasa wa 19: "Kideri na mdondo ni maradhi mawili?" Ni maradhi yaleyale. Nilikuwa nimetumia majina yote mawili kwa zamu bila kusema hivyo popote, na mfugaji anayeanza angeweza kutafuta chanjo mbili.

Kwa upande wa gharama, usomaji wa kwanza ni shilingi 1,500 kwa ukurasa, na prufu ya pili ni shilingi 500 kwa ukurasa. Nilitaka kuikataa hiyo ya pili, nikidhani ni njia ya kuongeza malipo. Nashukuru sikuikataa. Masahihisho nilikuwa nimeyaingiza mwenyewe kwenye kompyuta, na katika kuyaingiza nilizaa makosa mapya sita, mojawapo likiwa aya nzima iliyojirudia katika ukurasa unaofuata. Uchapaji wa nakala 500 ulinigharimu shilingi 1,250,000, kwa hiyo usomaji ulikuwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya gharama hiyo, nami naona ni bei ya haki kwa kazi ya siku kumi na mbili.

Siku hizo kumi na mbili ni lalamiko langu la kwanza, maana tulikubaliana nane. Hakunipigia simu kunijulisha kwamba atachelewa, na mchapaji alikuwa amenitengea siku. La pili ni kwamba huandika masahihisho kwa penseli nyepesi, na alama zake za pembeni, ambazo ni za kiwandani, hazieleweki kwa mtu asiyezizoea mpaka aelezwe. La tatu ni zito kidogo: mahali patano aligeuza neno "koo" kuwa "mtetea" bila kuuliza. Nilikuwa nimelitumia "koo" kwa maana ya kuku jike aliyekwisha kutaga, nikimtofautisha na "tembe", ambaye bado hajataga, na tofauti hiyo ina maana katika kupanga chakula cha madini ya ganda la yai. Nilirudisha maneno yangu. Msomaji prufu mwenye mazoea ya mjini anapaswa kuwa mwangalifu na misamiati ya kazi asizozijua, na nilimweleza hivyo, akakubali kwamba hapo alistahili kuweka alama ya kuuliza kama alivyofanya kwingine.

Kasoro kubwa kuliko zote ni jalada. Sikumpelekea jalada kwa sababu lilikuwa likitengenezwa na kijana mwingine, naye Mama hakuliuliza. Nakala 500 zimetoka zikiwa na neno "KIENYJEI" kwa herufi kubwa za kijani, na mimi niliidhinisha jalada hilo kwa saini yangu. Kosa ni langu, lakini naamini mtu wa kazi hiyo angepaswa kudai kila kitu kitakachochapwa, hasa maandishi makubwa, ambayo watu huyatazama kama picha wala hawayasomi.

Nilikuwa nimejaribu njia nyingine kabla yake. Programu ya kuandikia ilipiga mstari mwekundu chini ya maneno mengi yaliyo sahihi, kwa kuwa kitenzi kimoja cha Kiswahili kinaweza kuchukua maumbo maelfu na orodha yake haiyatoshelezi, halafu ikayapitisha "uwachanje", "uichanganye" na "kura" bila neno, kwa sababu kila moja ni neno halali. Programu huona umbo. Mkusudio wangu haiwezi kuujua. Mpwa wangu aliye chuo kikuu alisoma kwa mapenzi, akanisifu, akanirudishia akiwa amegundua makosa manne. Mwenzangu niliyestaafu naye alisoma kama mtaalamu wa mifugo, na kwa hiyo alikuwa na upofu uleule nilio nao mimi: aliona alichokijua. Wanaoandika vitabu vya shule wana utaratibu wa ithibati ya lugha inayotolewa na Baraza la Kiswahili la Taifa, lakini kijitabu cha mfugaji kinachouzwa gulioni hakipiti huko, na wengi wetu tunaoandika vijitabu vya namna hiyo, vya kilimo, vya dawa za mifugo, vya historia za koo zetu, hutoka kwenye kompyuta moja kwa moja hadi mtamboni.

Kwa hao ninaipendekeza huduma hii kwa dhati, na hasa kwa mtu yeyote anayeandika maelekezo ambayo wengine watayafuata kwa mikono yao: vipimo, tarehe, dawa, umeme. Asiyeandika hayo anaweza kuvumilia "kwa kwa" katika kitabu chake. Mwandishi wa maelekezo amtafute msomaji asiyeijua mada yake, akubaliane naye siku kwa maandishi, ampe orodha ya maneno ya kazi ambayo hayapaswi kuguswa, na alipie prufu ya pili hata kama ya kwanza imerudi na alama chache.

Nimekwisha kumwomba Mama anitengee nafasi mwezi wa nane kwa kijitabu cha mbuzi wa maziwa. Amekubali, kwa sharti kwamba nisiulete mswada kabla sijauacha mwezi mzima bila kuugusa. Mimi nami nimeweka sharti langu, naye ameliandika katika daftari lake mbele yangu: safari hii atasoma na jalada.